Kichaka Changu Kando ya Njia ya Viboko

Mafunjo yaliyokatwa asubuhi hunukia kama tango lililomenywa sasa hivi. Jua likiyapata, harufu inageuka kuwa ya nyasi kavu na tope, na hiyo ndiyo harufu ya mama yangu. Siyo sabuni wala mafuta ya nywele. Kijiji chetu kilikuwa kando ya ziwa, kabla hujafika Asembo Bay ukitokea Kisumu, na mbele ya nyumba zetu kulikuwa na kinamasi kikubwa cha mafunjo marefu kuliko mtu. Wanaume walikipita kwa mitumbwi wakienda kuvua, wala hawakukitazama. Wanawake ndio waliokuwa na kazi nacho. Waliingia na mundu, maji yakiwafika magotini, wakakata, wakabeba, wakaanika, wakafuma majamvi ya kuuza Kisumu. Karo yangu ilitoka humo, na sare ya shule, na sukari ambayo baba aliikoroga kwenye chai bila kuuliza ilikotoka. Nasema haya mapema ili msomaji asitarajie upole kutoka kwangu.

Mtoto wa kike akizaliwa kwetu, mama yake aliingia kinamasini akamchagulia kichaka kimoja cha mafunjo, akakifunga kitambaa. Hakuna mundu uliokigusa mpaka binti aposwe. Hapo wanawake walikwenda kwa nyimbo, wakakikata chote na kumfumia jamvi la kuondokea. La dada yangu Atieno liliondoka naye kwenda Sondu, refu kiasi cha kubebwa na watu wawili. Kichaka changu kilikuwa kando ya njia ya viboko, na kwa hiyo tangu utotoni nilitaniwa kwamba nimeshapata mchumba, mnene na mwenye meno. Kwa sababu ya desturi hiyo, kinamasi kilijaa vichaka vilivyokaa miaka bila kukatwa, mabua makavu yamesimama katikati ya mabichi. Ndani ya mabua hayo makavu, wala si kwingine, ndimo alimoishi mbawakawa tuliyemwita jawuoyo, yaani msemaji.

Alikuwa mweusi, mgongo una vumbi la manjano kana kwamba ameangukia ule unga wa msaada tuliokula mwaka wa njaa. Vipapasio vyake viwili vilikuwa virefu kuliko mwili. Ukimshika kwa vidole alilia, kriii, kriii, kama bawaba yenye kutu. Shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke asiyekosa mzaha, alitupanga mstari sisi wasichana, akatuwekea jawuoyo sikioni mmoja mmoja, kisha akatazama vipapasio vimeelekea wapi. Huko ndiko utakakoolewa. “Wewe Akoth,” aliniambia kila mara, “huyu ameangalia maji tena. Bwana yako atatuletea mahari ya samaki.” Tukimaliza kucheka alitulazimisha kumrudisha mdudu kwenye kichaka kile kile tulichomtoa. Alisema msemaji akihamishwa kwao hunyamaza.

Baba naye alikuwa mtu wa maneno. Hakuna matanga ya maana yaliyopita kandokando ya ziwa bila baba kuitwa kusema. Aliweza kumsifu mlevi kaburini mpaka mke aliyekuwa akipigwa na mlevi huyo akamlilia. Watu walimfuata baba nyuma wakirudia sentensi zake, nami nilitembea karibu naye nimeinua kichwa ili wote waone mimi ni mtoto wa nani.

Mwishoni mwa miaka ya themanini, chifu alituletea wageni waliotaka kukausha kinamasi walime mpunga. Baraza likaitwa kwenye uwanja wa shule. Wanaume waliketi kwenye madawati, wanawake chini kwenye nyasi, na sisi watoto nyuma ya mama zetu. Mgeni mmoja aliongea kwa muda, akaahidi kazi na mchele. Kisha chifu akasimama. “Sasa, wazee, kuna mtu iko na neno juu ya hii kinamasi?”

Hapo ndipo tulipokwisha. Mafunjo yalikuwa mambo ya wanawake, na mwanamume ambaye angesimama kuyatetea angeulizwa kama siku hizi anafuma. Na mwanamke kusimama mbele ya wageni, mumewe ameketi pale kimya, ilikuwa ni kumvua nguo hadharani. Basi wanawake wakawangoja waume zao, na waume wakatazama viatu vyao. Mama alisogea mpaka karibu na dawati la baba. “Baba Atieno,” alimwambia kwa sauti ya chini, “sema kitu.” Baba akakohoa. Akakunja mguu mmoja juu ya mwingine. “Haya,” chifu akasema, “kama hakuna neno, mimi naona mmekubali.” Watu wakapiga makofi, kwa maana baraza likiisha watu hupiga makofi. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tulivyofundishwa. Mama yangu alikuwapo, tena alikuwa karibu kiasi cha kumgusa baba goti.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya chetu ulikuwa wa tingatinga. Lilichimba mifereji kuanzia upande wa barabara, na maji yakaanza kushuka. Mama hakungoja lifike kwangu. Aliingia peke yake akaanza kukata kichaka changu, nami bado nasoma darasa la sita. Shangazi alipiga kelele kutoka ukingoni, kwa kuwa kukata kichaka cha binti kabla ya posa kulikuwa mwiko. “Mama Atieno, unamlaani mtoto!” Mama alijibu bila kuinua kichwa, “Heri nimlaani mimi kuliko ile mashine.” Alitoka na mzigo kichwani, na mzigo ulikuwa unalia. Jawuoyo walikuwa wakitoka kwenye mabua makavu, wakimtembea shingoni na mabegani, kriii, kriii, naye mikono yote miwili imeshika mzigo. Mimi na shangazi tuliwaokota tukazunguka kutafuta kichaka kingine kikuukuu cha kuwaweka. Vyote vilikuwa vimeshalazwa na tingatinga, changu ndicho kilichokuwa cha mwisho. Wale mbawakawa walitambaa kwenye kuta za nyumba yetu kwa muda, kisha ikawa kazi yangu ya asubuhi kuwafagia.

Mpunga ulivunwa misimu michache. Pampu zikaharibika, wageni wakaondoka na ahadi zao, ardhi ikapasuka. Katika miaka ya tisini magugu maji yakaja yakaziba ziwa, mitumbwi ikashindwa kutoka, na ndipo wanaume walipojua kulalamika. Likaitwa baraza, na siku hiyo viti havikutosha. Miaka hiyo hiyo alifika mtafiti kijana akiwa na jawuoyo mmoja mkavu ndani ya kisanduku. Alisema hajasikia mdudu huyo akionekana pwani nyingine yoyote, akauliza anapatikana wapi. Mama alimwonyesha uwanda wenye mbuzi. “Hapo,” alisema. “Lakini umechelewa, kijana yangu.” Akamkaribisha chai.

Leo ninaishi Migosi, mjini Kisumu, nyumba ya kupanga, na sakafuni nimetandika mkeka wa plastiki uliochorwa majani ya mafunjo. Binti yangu hana kichaka. Ningefunga kitambaa kwenye nini? Jamvi langu mwenyewe, alilolifuma mama kwa mzigo ule, sikuondoka nalo nilipoolewa, maana niliogopa mwiko wake, na mama akaliweka. Mwaka juzi tulimlaza juu yake.

Siku ya mazishi baba alisimama kaburini, mzee wa fimbo sasa, lakini sauti ni ile ile. Alisema juu ya mafunjo. Alitaja kila kichaka, cha binti wa nani na kilikuwa wapi. Alisema kinamasi kile ndicho kilichotusomesha sisi sote, na kwamba mikono ya mama ndiyo iliyoijenga nyumba yake. Alimwiga hata jawuoyo, kriii, na wazee wenzake wakatoa vitambaa kufuta macho. Jirani yangu alinong’ona, “Baba yako anajua kusema.” Mimi sikulia. Hasira haikuniachia nafasi. Kila neno lililohitajika siku ya baraza alikuwa nalo, na alikuwa nalo tangu wakati ule, ameketi kwenye dawati, akitazama viatu vyake.