Mama wa Kitabuni Hakulia

Leo mjukuu wangu Zuhura kaniambia nina roho ngumu. Tena nyumbani kwangu, hapahapa Mbagala!

Chanzo ni katuni za Kijapani. Hadithi moja anayo kwenye kitabu, na hiyohiyo anayo video kwenye simu.

Kitabu nimekipekua mwenyewe, kinaanzia kulia kama msahafu. Kijana anaaga kwenda vitani. Mamake kampa mgongo, anatwanga mpunga. Basi.

Kwenye video mama huyohuyo anagaragara chini, machozi mpaka kidevuni, na vinanda juu!

Zuhura anasema, "Bibi, video ndiyo yenye hisia. Huyu wa kitabuni hampendi mwanawe. Ana roho ngumu kama wewe."

Nikamwambia, koma! Nisikilize.

Enzi za Ujamaa mgambo walimpandisha babu yako kwenye lori, wampeleke kijijini akalime. Mie nikaendelea kusonga ugali. Ningegeuka tu akaona machozi yangu, angeruka chini, na wangempiga mbele ya wanangu.

Hayo si mapenzi?

Nyie mnaopenda vilio vya kwenye simu, njooni mnijibu.

Zuhura machozi yanamlengalenga.

Nikamwambia, "Futa uso huo, uniletee kitabu kinachofuata. Nataka kuona kama kijana alirudi kwa mamake."