Farasi Alipita, Mimi Nikasimamishwa

Kocha wangu alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: kaza. Ukitapika, kaza. Goti likifura, kaza. Tulitoka mtaani Obunga kabla ya jua, tukapanda kilima mpaka Maseno, tukarudi na lami. Mimi niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo miguu ndiyo ilikuwa cheti changu. Siku ya mbio kubwa alinidunga sindano ya kuua maumivu nyuma ya choo cha uwanja. Sindano ilipoisha nguvu, goti nalo lilikuwa limeisha. Ni yeye aliyefanya hivyo. Wakubwa wa mbio waliniona nikiburuta mguu, wakanipigia makofi. Hao pia nawahesabu.

Siku hizi nachunga farasi wa tajiri mmoja karibu na ziwa. Jumapili watoto wanapandishwa, wanapigwa picha. Tajiri sikumwambia habari ya goti. Nalifunga bendeji ndani ya suruali na natembea polepole, anadhani ni umri.

Mwaka jana akamwingiza farasi wake jike kwenye mbio za masafa marefu, na watu nao wakakimbia njia hiyo hiyo siku hiyo hiyo. Hapo ndipo nilijua farasi ana bahati. Kila kituo anatolewa tandiko, ananyweshwa, daktari wa mifugo anasikiliza moyo. Halafu mchungaji anashika kamba, anakimbia naye kwenda na kurudi, daktari akiangalia miguu. Akichechemea, safari imeisha, hata mwenye farasi alie. Watu, wao, waliwekewa meza ya maji, basi.

Mchungaji ni mimi.

"Haya, kimbia naye," daktari akasema. Alikuwa mama mtu mzima, amevaa gambuti.

Nikakimbia. Daktari akainamisha kichwa. "Rudia."

Nikarudia, meno nimeyakaza. Wamama wa kuuza samaki waliosimama kando ya njia wakaanza.

"Mzee, nani anapeleka mwenzake?"

"Mpandisheni yeye, farasi ashike kamba!"

Tajiri wangu hakucheka. Farasi akikataliwa pale, kazi yangu imekwenda.

"Farasi hana shida," daktari akasema. "Anafuata mwendo wa huyu mtu. Nipeni mtu mwingine ashike kamba."

Tajiri akaninyang'anya kamba bila kuniangalia, akakimbia naye mwenyewe, tumbo likiruka. Farasi akaenda sawasawa, akapita. Mimi nikabaki pale katikati kama kiatu kimoja.

Daktari akachuchumaa mbele yangu. Akaweka kiganja kwenye goti langu juu ya suruali, vile vile alivyopima mguu wa farasi, kwanza akitafuta joto. Tangu niumie hakuna mtu aliyewahi kulishika hivyo. 

"Baba, nani alikuruhusu ukimbie na goti hili?"

Kwenye meza ya maji, hatua chache tu, kocha wangu alikuwa amesimama na kofia na filimbi, akingoja wakimbiaji wake. Alikuwa ananiangalia. Nilikuwa nimelibeba jibu lile miaka yote. Nimelisema peke yangu nikiosha ndoo, nimelisema kanisani watu wakiimba.

"Pikipiki, daktari," nikasema. "Nilianguka na pikipiki."

Kocha akacheka, akaja, akanipiga mgongoni. "Daktari, huyu alikuwa simba wangu! Huyu hajui kuchoka!"

Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikamjibu, "Asante, kocha."

Daktari akatuangalia wote wawili. Akasimama, akajipangusa mikono, akaenda kwa farasi mwingine.

Ndipo akatokea msichana mmoja wa mbio za watu, mkimbiaji wa kocha. Mguu wa kushoto alikuwa anautupa kwa nje. Mwendo ule naujua, ni wangu. Daktari alikuwa amegeuka, kifaa masikioni, anasikiliza moyo wa farasi. Ningemwita tu. Msichana akasimama mbele yangu, akashika goti, akaniangalia mimi, si kocha, labda kwa sababu nilikuwa na ndoo ya maji ya farasi.

Nikammwagia kichwani. Nikafungua mdomo nimwambie akae chini.

"Kaza, mwanangu," nikasema. "Kaza, binti yangu, umebakisha kidogo."

Akakaza. Akaondoka akiuburuta, na wamama wa samaki wakampigia makofi.