Shangazi Alivyobeba Ukuta Kwenda Kununua Drili

BABU AMEOGA MWENYEWE! Nasema tena kwa wale wa nyuma, BABU AMEOGA MWENYEWE! Amefunga mlango kwa komeo, ameimba humo ndani mpaka sauti ikapasuka, na ametoka na taulo shingoni kama bondia aliyeshinda!

Sasa ngojeni niwape yote, maana nyuma ya hilo taulo yupo Shangazi yangu na drili, na nusura tuaibike vibaya sana.

Shangazi anafanya kazi kiwanda cha mashati. Hashoni. Anakagua. Kutwa nzima anageuza kola, anavuta vifungo, anatafuta kasoro, na akiipata anafurahi kama kaokota pesa. Wenzake wanamwita Kamera. Shida ni kwamba akitoka kazini ile kazi haitoki kwake. Maziwa lazima ayanuse, hata kama ng'ombe kakamuliwa mbele yake. Ukimwambia "Shangazi, leo umependeza," anakuuliza, "Unataka nini?"

Basi Babu, yaani baba yake Shangazi, ambaye tunaishi naye, alianguka akavunjika nyonga. Akalazwa, akapasuliwa, akaendelea vizuri. Daktari akasema anaweza kurudi nyumbani, ila bafuni lazima kuwe na chuma cha kushikia ukutani, la sivyo aende kwa mtu atakayemwogesha. Baba mkubwa, kaka yake Shangazi, akadakia kwenye simu: "Jumamosi namtoa hospitali. Napita kwenu kuangalia bafu. Hamna chuma, naenda naye kwangu. Kule nitamwekea kijana wa kumwogesha."

Babu naye akampigia Shangazi kwa siri, anaongea chini kwa chini. "Mwanangu, kuogeshwa na mtu nisiyemjua? Heri ninuke."

Shangazi akakata simu, akanunua chuma siku hiyohiyo. Kisha akaenda kutoa drili yake ya betri chini ya kitanda.

Drili hiyo ndiyo iliyotundika mapazia yetu yote na rafu za jikoni. Lakini ilikuwa ya mbao. Ilipokutana na zege la bafuni ikalia kama mbuzi, ikatoa moshi, ikanyamaza. Jirani akasikia harufu, akaja kusema atatuazima ya kwake.

"Mbona anakimbilia kuazima?" Shangazi akaniuliza jirani alipoondoka. "Mbovu hiyo. Anataka ife mikononi mwetu."

"Si tumwite fundi?"

"Fundi wa mwisho kuingia humu aliweka mlango wa choo unaogonga magoti ya aliyekaa. Nimwachie bafu la baba yangu?"

Kwa hiyo Ijumaa, Shangazi alipotoka kazini, tulikwenda kununua drili mpya. Na sikilizeni hii. Kule uani kulikuwa na kipande cha tofali la zege, lina kigae juu yake, kilibaki walipojenga bafu. Shangazi akakitia kwenye kikapu. Namuuliza cha nini, ananiambia, "Wewe ukienda kununua kiatu unaacha mguu nyumbani?"

Duka la kwanza, muuzaji alikuwa na maneno matamu mpaka meno yaliniuma. "Karibu mama yangu! Hii hapa mashine ya wanaume! Soma namba hiyo kwenye betri, kubwa kuliko zote mjini. Betri mbili, biti za kutobolea bure, na boksi!"

Shangazi akaipima betri kiganjani, akanikabidhi. "Shika. Kisha shika simu yako."

Jamani, simu yangu ilikuwa nzito kuliko ile betri!

"Namba ni kubwa," Shangazi akamwambia yule kaka, "ila ndani mna upepo."

"Ni teknolojia mpya hiyo mama, nyepesi."

Shangazi akatoa tofali, akaliweka kaunta. Puu! Yule kaka akaruka. "Mama, hili ni duka, si saiti ya ujenzi!"

"Toboa."

Akatoboa kigae, akatabasamu. Alipofika kwenye zege drili ikazunguka, ikazunguka, ikasimama. Akasema tofali letu lina matatizo. Shangazi akalirudisha kikapuni akiwa amefurahi kabisa. "Kizuri chajiuza," akasema kwa sauti ya duka zima kusikia, "kibaya chajitembeza."

Duka la pili muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye kucha nyekundu, kakaa kwenye stuli, hata hakuinuka. Shangazi akaonyesha ile drili kubwa kuliko zote pale ukutani.

"Hiyo sikuuzii," dada akasema.

"Huniuzii? Kwa nini? Nina sura ya kukosa hela?"

"Unatoboa nini, mama?"

"Ukuta wa bafu. Na mambo ya nyumbani."

"Basi hiyo ya nini? Ya mafundi wa maghorofa, itakuvunja kiganja. Chukua hii ndogo. Inazunguka huku inagonga kama nyundo, zege inaliweza. Na uichukue na betri moja nzuri, achana na hizo mbilimbili za kudanganyia watu. Bei yake pia nusu."

Mimi nikaona tumefika. Shangazi akanivuta kando. "Umesikia? Mfanyabiashara anakataa pesa! Tangu lini? Huyo ana lake jambo. Hiyo ndogo imemdodea, anatafuta wa kumtupia."

Tofali likapanda kaunta. Dada wa kucha akaliangalia, akamwangalia Shangazi, akasema, "Nimependa," akachomeka biti. Drrrrr! Ikapita kigae, ikapita zege, ikatokea upande wa pili, vumbi tupu. Nikapiga makofi. Shangazi akanikanyaga.

Dada alipokwenda stoo kuleta boksi na chaja, Shangazi akanong'ona, "Hapo ndipo wanapobadilisha. Unajaribu nzima, unafungiwa mbovu." Akachomoa betri harakaharaka, akatoa rangi ya kucha kwenye mkoba, akapaka alama. Na hakupaka juu, maana juu mwizi ataiona. Akaipaka ndani kabisa, kwenye vile vijitundu. Akapuliza ikakauka, akairudisha, akawa anaangalia dari kama hayupo.

Tukalipa. Tukafika nyumbani. Shangazi akavaa miwani, akaweka drili kwenye ukuta wa bafu, akabonyeza.

Kimya.

Akachaji. Kimya. Akabonyeza kwa vidole viwili. Kimya cha msikitini.

"TUMEUZIWA MBUZI KWENYE GUNIA!" Akachomoa betri kuangalia alama. Alama ipo, nyekundu, palepale alipoiweka. Mimi nikamwambia basi haikubadilishwa. Shangazi akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, kucha za yule dada zilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu."

"Sasa! Ameiga mpaka alama yangu!"

Tulirudi mbio mpaka kandambili yangu ikakatika. Dada alikuwa anashusha mlango wa duka. Shangazi akaanzia barabarani: mwizi, tapeli, mgonjwa wangu anatoka hospitali kesho, nitakuitia watu! Watu kweli wakaanza kusimama. Dada hakupandisha sauti. Akaichukua drili, akachomoa betri, akachungulia.

"Mama, nani amepaka rangi hapa?"

"Unajifanya hujui?"

"Hivi vyuma ndivyo vinavyopitisha moto kwenda kwenye mashine. Vimezibwa na rangi ya kucha. Moto upitie wapi?"

Mimi nikaangalia viatu vya watu. Shangazi akachungulia naye, akaiona rangi yake mwenyewe. Kamera nzima imezima! Dada akakaa kwenye stuli yake, akatoa kwenye pochi ile dawa ya kufutia kucha na pamba, akaanza kusugua taratibu, huku anacheka mabega yanatikisika. Akaacha pakauke vizuri, akarudisha betri. Drrrrr.

"Na wewe," Shangazi akamwambia, "uliona mtu mzima anapuliza betri, ukanyamaza?"

"Nilikuwa stoo, mama."

"Ungewahi kutoka." Halafu akavuta pumzi. "Haya. Nimekukosea, mbele za watu. Na wao wasikie." Akawageukia. "Si mwizi huyu! Nendeni makwenu!"

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunakaza skrubu za mwisho Baba mkubwa anapiga honi nje. Aliingia bafuni na viatu vyake, akakishika chuma kwa vidole viwili.

"Umeweka mwenyewe?" akamuuliza Shangazi. "Si kitang'oka?"

Shangazi akamsogeza pembeni. Alikishika kwa mikono miwili, akakunja magoti, akaning'inia mzimamzima. Mwanamke mnene, jamani, na simtanii. Ukuta haukupepesa hata jicho.

Baba mkubwa akakohoa. "Kitafaa."

Babu akaja na magongo yake taratibu. Mnadhani alifurahi? Akakivuta chuma. Akakisukuma. Akainama kwa shida kuchungulia skrubu kwa chini. "Hii moja imekaa upande kidogo," akasema.

"Iko sawa, Baba."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Babu akamkazia macho bintiye, naye akamkazia. Ndipo nikajua Shangazi haya mambo kayatoa wapi. Halafu Babu akampa magongo ayashike, akakamata chuma, akasema, "Tokeni wote. Na msisikilize mlangoni, nawajua nyie."

Kama kwenu kuna mzee na bafu lenu halina chuma ukutani, mtumie hii anayeshika drili hapo nyumbani. Na wengine wote, watumieni shangazi zenu.