Bahari Niliyofundisha kwa Karai

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Sirisia, mwalimu mkuu alinipa chaki, kitabu cha jiografia na karai kuukuu. "Watoto hawa hawajaona bahari," akasema. "Na wewe je, madam?" Nikakiri sijaiona. "Basi mtaionea humo, bana."

Nikafundisha hivyo miaka yote, Sirisia, kisha Bokoli, mwishowe Kitale. Mchanga wa mtoni upande mmoja, maji upande wa pili, nayasukuma kwa kibao. Mawimbi husaga miamba ikawa mchanga, niliwaeleza, na mkondo huubeba hadi panapotulia ukautua. Hapo ufuo hujengeka. Bila ufuo bahari ingekula mashamba na nyumba za watu. Nilikuwa mkali, jamani. Asiyekariri alisimama hadi kengele.

Nikiwa Kitale, mkuu wa idara akapanga safari ya Pwani. Tulifika asubuhi maji yamekupwa mbali, na huko mbele nikaona fungu, yaani kilima cha mchanga ambacho mawimbi hukijenga mbele ya ufuo. Mama muuza madafu akaniita, "Mwalimu, msikawie huko, maji yanarudi." Nikamjibu, "Mama, haya mambo ndiyo ninayofundisha." Ujinga gani ule!

Nikawapeleka wanafunzi hadi juu ya fungu, nikaanza somo. Kwenye karai maji huja kutoka mbele tu. Pale yalituzunguka, yakajaza bonde lililokuwa kati yetu na ufuo, nami nimeyapa mgongo.

"Mwalimu, si hapo tulipita kwa miguu?" Alikuwa Nekesa, mwanafunzi wangu aliyetoka Bokoli. Tuliposhuka, maji yalifika kifuani na yanavuta. Tukashikana mikono, tukavuka tukipiga mayowe. Nikahesabu wanafunzi ufuoni, nikahesabu tena. Nekesa hakuwepo.

Mkuu wa idara aliandika kwamba ni ajali. Nikafundisha hadi kustaafu, lakini lile karai sikuligusa tena.

Mwezi uliopita ndipo nilipopata moyo wa kwenda Bokoli kwa mamake. Hakunifukuza. Alinipa chai, akatoa daftari la jiografia lililofungwa kwa leso. "Nisomee, mwalimu. Mimi sikusoma."

Nikafungua. *Maji ya bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku.* Kando yake, kwa wino mwekundu, alama yangu ya vema.

"Alikuwa amepata?" akauliza.

"Alipata, mama," nikamwambia. "Aliyekosa ni mimi."