Kimondo Alipokataa Kugeuka

Mwanangu, bado naikumbuka ile siku ya Muyinga, wimbo ulipoanza ukakataa kuendelea. Nilikuwa na nywele zangu zote wakati huo, napiga besi katika bendi ya Kimondo, mwimbaji wa roki mwenye jina kubwa na suruali ya ngozi iliyombana hata kuketi ikawa shida.

Gitaa la solo lilikuwa la Saidi wa Nyamugari, mtu mpole, aliyekuwa na Kimondo tangu bendi haijapata jina. Utaratibu wetu ulikuwa huu: Saidi anapiga mwanzo wa wimbo na kuuzungusha tena na tena, Kimondo akiwa tayari anageuka, anamwashiria kwa kichwa, ndipo sote tunaingia.

Ziara tuliianzia hapa Gitega, na watu walijaa. Asubuhi yake Kimondo akatazama video walizompiga kwa simu, akaona mgongo wake. Akanuna.

"Kuanzia leo simgeukii mtu," akatuambia. "Staa anatazama watu wake."

Saidi akaendelea kufuta nyuzi. "Sawa, patron," akamjibu bosi wake. "Mi nitangoja tu."

Muyinga ndiko kwao Kimondo, na safari hii mama yake alikuwa ameteremka kutoka Butihinda kumsikiliza kwa mara ya kwanza. Mama huyo, mkulima aliyeishi Tanzania miaka mingi, aliamini gitaa ni kazi ya wavivu. Kimondo alitaka sana mama abadili mawazo, akamweka kiti cha mbele kabisa.

Saidi akaanza. Akazungusha mwanzo. Kimondo akanyoosha mikono kwa watu, hakugeuka. Saidi akazungusha tena. Kimondo akafungua kinywa, akakifunga. Mimi na mpiga ngoma tukatazamana. Watu wakadhani ndio mtindo mpya, wakaanza kucheza, mmoja akapiga kelele, "Huyu bubu iko anavaa vizuri!"

Jasho likamtoka Kimondo. Akasema kwa pembe ya mdomo, "Saidi, ingia!"

"Mi nangoja ishara, patron."

Mama akainuka, akaja hadi ukingo wa jukwaa. "Eriki!" akamwita mwanawe kwa jina la nyumbani. "Huyo anayekupigia, umemsalimia?"

"Mama, niko kazini."

"Hata shambani tunasalimiana kwanza ndipo tunashika jembe. Geuka! Huo mgongo unaouficha nimeuogesha mimi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kimondo akageuka taratibu, maana suruali haikumruhusu haraka.

"Amahoro, Saidi."

"Amahoro, patron. Vidole yangu ilikuwa karibu kufa."

Kimondo akamwashiria kwa kichwa, tukaingia, na Muyinga ikatimka vumbi.

Tulipomaliza, Kimondo akamfuata mama yake kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. "Mama, umependa?"

Mama akafikiri. "Ule mwanzo ulikuwa mzuri sana. Kisha ukaanza kupiga kelele." Halafu akamshika mkono. "Lakini kazi ni kazi, nimeona. Unatoka jasho kama sisi. Mlete Saidi nyumbani, nimpikie."

Basi, mwanangu, ukipata jina, wasalimie wanaosimama nyuma yako kabla hujafungua kinywa mbele za watu. Usingoje mama yako apande jukwaani. Mungu akupe sauti, akupe na wenzio wenye subira, na akujalie shingo nyepesi ya kugeuka.