Nilichaguliwa Kusimamia Kamera za Polisi, Nikazitumia Kumtazama Mpenzi Wangu

Nimekosa, watu wangu, na nilikosa huku nikicheka. Hilo ndilo linaloniuma. Kuna watu hukosa kwa sababu ya shida. Mimi nilikosa nikiwa na furaha mpaka masikio yananiwasha!

Nilipewa kazi ya kuchunga polisi wasichungulie watu. Nikaingia, nikaketi, nikachungulia mwenyewe. Fisi alipewa bucha, jamani. Fisi ni mimi.

Senta yetu sitaitaja. Ni huku Gusii kwenye majani chai na ndizi, ukitoka Masimba hukawii kufika. Nina saluni karibu na steji ya matatu. Umri wa kuwa na akili ninao, na bado.

Kamera zilipoletwa, zikafungwa kwenye nguzo kutoka steji hadi sokoni na mbele ya posho mill ya kusaga unga, tuliitwa kikao cha kutoa maoni. Bunge la kaunti lilikuwa limesema hivi: sawa, polisi watazame, lakini kuwe na kamati ya wananchi ya kuwatazama wao. Kamati iruhusiwe kuingia chumba cha skrini, iulize nani anafuatwa na kwa nini, kisha ilete ripoti kabla kamera nyingine haijaongezwa.

Nikasimama. Mdomo ninao, Mungu alinipa bila kupima.

"Tunataka wezi washikwe!" nikasema. "Lakini hatutaki afisa akae pale kama anatazama sinema, akiangalia bibi ya nani ametoka kwa nani!"

Ukumbi ulilipuka! Akina mama vigelegele, wanaume wanagonga viti. Nikachaguliwa papo hapo kuwakilisha wanawake wafanyabiashara. Kufika jioni watu wananiita Mheshimiwa. Mimi, msusi wa nywele!

Sasa mnielewe. Wakati huo huo nilikuwa nimependa.

Tumwite Ombasa, ingawa si jina lake. Ni daktari wa mifugo, anazunguka na pikipiki akitibu ng'ombe za watu, na alikuwa ameanza kupita saluni yangu na visababu vya ajabu. Mara anauliza kama mvua itanyesha. Mara anauliza shampuu gani ni nzuri. Mwanaume mwenyewe kichwa kimenyolewa mpaka kinang'aa, anauliza shampuu!

Siku kamati yetu ilipokwenda kukagua mara ya kwanza, tuliingizwa kwenye chumba kidogo nyuma ya kituo. Skrini zimepangwa ukutani, na konstebo mmoja mpole anazitazama. Wenzangu waliuliza maswali yao, wakaridhika, wakatoka. Mimi nikabaki kidogo, eti nielewe vizuri.

Nikaangalia skrini ya steji. Nani huyo? Ombasa!

Ameegesha pikipiki. Anajitazama kwenye kioo chake, anakagua meno. Anapuliza kiganjani, ananusa. Halafu anaanza kuongea peke yake, ananyoosha mkono kama anayesalimia mtu. Anatikisa kichwa, hapana, hiyo si nzuri. Anarudi nyuma, anaanza upya. Wueh! Alikuwa anafanya mazoezi ya kuja kunisalimia mimi!

"Konstebo," nikasema, "unaweza kumvuta karibu?"

Hilo ndilo kosa langu. Lilianza hapo, kwa maneno hayo tu.

Konstebo akafinya kitu, uso wa Ombasa ukajaa skrini nzima. Nikaona hata jasho juu ya mdomo. Haki ya Mungu, nilitaka kuibusu ile skrini!

Nilikimbia kwa njia ya nyuma nikafika saluni kabla yake. Akaingia, akanyoosha mkono vile vile, sauti nzito: "Habari ya leo, Mheshimiwa?" Nilicheka mpaka mteja niliyekuwa nimemshika nywele akapiga kelele.

Tangu hapo sikutulia. Kamati tulikuwa tumekubaliana tuwe tunakwenda pamoja. Mimi nikawa nakwenda peke yangu, asubuhi nakwenda, mchana nakwenda, kila mtu akiamini Mheshimiwa yuko kazini. Konstebo hakuulizwa na mtu, naye hakuniuliza. Akiniona tu anageuza skrini upande wangu: "Wako yuko sokoni."

Nikiona Ombasa amelowa mvua, anakuta maji ya moto. Nikiona amepita hotelini bila kuingia, anakuta chai na ndizi za kuchemsha.

"Umejuaje nina njaa?" ananiuliza.

"Moyo umeniambia."

Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa malaika. Aki ya nani, nilikuwa naelea! Nilikuwa nasuka watu nikiimba. Akaanza kusema mambo ya kunipeleka kwa mama yake.

Halafu akaja Kerubo. Naye simtaji jina lake la kweli.

Kerubo ni rafiki yangu tangu tukiwa darasa moja. Anauza ndizi mbivu na parachichi pale steji. Mume wake alifariki, anaishi na watoto wake. Aliingia saluni, akangoja wateja watoke, akafunga mlango.

"Mwana ominto," akaniita, kwa kwetu ni kama kusema dada wa damu, "yule sajini wa kituo ananifuata."

"Anakufuata vipi?"

"Nikifunga kibanda, yuko mbele yangu. Nikipita njia ya posho mill, anatokea upande ule mwingine. Jana ameniambia, 'Leo asubuhi ulivaa blauzi ya kijani, mbona umebadilisha?' Asubuhi hiyo hakuwa steji. Hakuwa! Ameniona wapi?"

Mimi nilijua amemwona wapi. Nilijua hata kiti alichokalia.

"Nimemwambia simtaki," Kerubo akasema. "Anacheka. Anasema hakuna mahali nitaenda asijue. Wewe ndiye tulikuchagua. Fanya kitu."

Nikaahidi. Nikaenda kituoni na moto wangu wote. Nikamwambia konstebo, "Kuna malalamiko. Nataka kujua kama sajini anatumia kamera kumfuata mwanamke."

Konstebo hakukasirika. Alinitazama kwa upole wake ule ule.

"Mheshimiwa," akasema, "tukianza kuuliza nani anamfuata nani, tutaanzia wapi? Kwa sajini, ama kwa daktari wa ng'ombe?"

Nikasema, "Basi, tutaongea." Nikatoka.

Na jioni hiyo, mnisikilize vizuri, nilimwambia Kerubo hivi: "Labda mnakutana tu. Senta ni ndogo."

Alichukua karai lake la parachichi akaenda. Mimi nikarudi kumpikia Ombasa chai, na nilikuwa na furaha bado! Nilikuwa nimejifunza kuiweka ile habari pembeni, kama mtu anayesukuma uchafu chini ya kiti mgeni akibisha hodi.

Ikafika siku ya ripoti. MCA, mwakilishi wetu wa wadi, na wenzake wa bunge la kaunti walikuja kutusikiliza, kwa sababu polisi walitaka kuongezewa kamera za aina mpya. Hizo mpya zinatambua uso wa mtu na kumfuata zenyewe, kutoka nguzo hadi nguzo, bila mtu kuhangaika. Kaunti ilitaka kusikia kwanza kama hizi za zamani zimetumiwa vizuri. Na msomaji wa ripoti ya kamati alikuwa nani? Mimi, na gauni jipya.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Sajini amekaa mbele, viatu vinang'aa. Kerubo yuko nyuma karibu na mlango. Na katikati, jamani, Ombasa! Alikuwa amemleta mama yake kutoka kule Nyanchwa, mama wa Sabato wa kitambaa cheupe kichwani, aje amwone mkwe wake akihutubia.

Nikasimama. Nikamwona sajini ananitazama. Nikamwona konstebo kando ya ukuta. Nikamwona yule mama anatabasamu.

"Tumekagua," nikasema. "Kila kitu kiko sawa. Hakuna malalamiko."

Makofi. Ombasa ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

Kerubo alisimama. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Sawa, Mheshimiwa," akatoka nje.

Nimetukanwa maishani. Mteja amewahi kunirushia kitana. Hakuna kilichowahi kunichoma kama lile neno Mheshimiwa.

MCA akashukuru. Akasema kamera mpya zitapitishwa. Mzee wa kanisa akaitwa afunge kwa maombi. Tukafumba macho. Akaanza, "Baba mwenye rehema, wewe unayeona yote yaliyo sirini..."

Mimi, ikanishinda! Nilifumbua macho nikamnyang'anya maikrofoni. Katikati ya maombi! Yule mzee alibaki amenyoosha mikono, mdomo wazi.

"Nimedanganya!" nikasema. Maikrofoni ikapiga mluzi. "Malalamiko yapo! Sajini anamfuata mwanamke wa hapa kwa kamera, na mwanamke huyo ametoka sasa hivi kwa sababu yangu. Nimenyamaza kwa sababu mimi pia nimezitumia!"

"Kumfuata nani?" MCA akauliza.

Nilikuwa nimeshaanguka, nikaona heri niviringike mpaka chini. "Ombasa!" nikasema. "Huyo hapo! Nimemwona akikagua meno kwenye kioo cha pikipiki. Nimemwona akinusa pumzi yake kiganjani. Nimemwona akifanya mazoezi ya kunisalimia! Moyo haujaniambia chochote, ni kamera!"

Watu walimgeukia Ombasa, wakanigeukia mimi, wakamrudia tena.

Halafu mtu mmoja akacheka. Alikuwa mama yake Ombasa. Alianza kidogo kidogo kwenye kitambaa chake, akashindwa, akajipiga paja. "Amenusa kiganja!" akasema. "Huyu! Nyasae, Mungu wangu, baba yake alikuwa hivyo hivyo!" Ukumbi wote ukaenda naye. Watu walicheka mpaka wakashikana. Hata mimi, na machozi yananitiririka, nilicheka. Ombasa peke yake hakucheka. Alisimama akatoka.

Lakini kicheko kile kilifungua watu midomo. Akina mama walimkimbilia Kerubo barabarani, wakamrudisha wamemshika mikono. Akasema yote mbele ya sajini, pamoja na ile blauzi ya kijani. Alipomaliza, mwenye kuuza simu akasimama, akasema naye aliulizwa na afisa kwa nini alikuwa ameongea na mtu fulani. Akasimama mwingine. Sajini alitazama viatu vyake.

MCA hakucheka tena. Alisema kamera mpya zisimame, na chumba cha skrini kifungwe mpaka kaunti iweke utaratibu mpya: asiingie mtu peke yake, awe afisa au awe mwanakamati, na kila anayetazama aonyeshe sababu. Sajini aliitwa kujieleza kwa wakubwa wake na hajarudi hapa. Konstebo naye alihamishwa. Na mimi nikavuliwa cheo pale pale, wa kwanza kuinua mkono kukubali akiwa mimi mwenyewe.

Ombasa simu hashiki. Pikipiki inapita saluni bila kusimama, nami nasikia mlio wake nikiwa na nywele za mtu mkononi, siwezi hata kutoka nje. Niliona nimemkosa.

Halafu mchana mmoja pikipiki ikazima mlangoni.

"Nilimwambia mama yangu moyo wako unaniona nikiwa mbali," akasema akiwa amesimama. "Nilisema hiyo ni ishara kutoka kwa Mungu. Unajua nilivyojisikia?"

"Najua."

"Hujui. Sasa hata nikiwa na ng'ombe porini nageuka kutazama nyuma."

Nilisema nimekosa, nikasema tena. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akainamisha kichwa. Mwishowe akauliza bila kuinua kichwa, "Kwenye hiyo skrini... nilikuwa naonekana vipi?"

"Mzuri," nikasema. "Mzuri mpaka nikawa mjinga."

Akacheka! Wee, akacheka! Nilitaka kupanda juu ya meza!

Basi, wasomaji, naolewa. Wazee wameshaongea, gauni linashonwa, na mama mkwe kila akiniona ananusa kiganja chake kisha anaanguka kucheka. Naamka nikicheka, nalala nikicheka. Sistahili, lakini nafanyaje na hii furaha?

Ila Kerubo alihama. Alisema hawezi kuuza chini ya zile nguzo hata zikizimwa. Anauza ndizi Magwagwa sasa. Nilimfuata kumwomba msamaha na kumpa habari za harusi. Alinipa kiti, akanipa chai. Alisema atakuja, na atanipikia. Nilipokuwa naaga, nikamuuliza huwa anafunga kibanda saa ngapi, ili siku nyingine nije tukae.

"Nimekusamehe," akasema, "lakini hilo sitakwambia."

Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Kwa hiyo wewe uliyechaguliwa kusimamia wenye nguvu, kamati ya kamera, ya hospitali, ya maji, yoyote ile: usiwaombe hata kitu kidogo. Kile kidogo ndicho watakachokufungia mdomo siku mwenzako atakapokuja analia. Na wewe ambaye umeshaomba, simama useme leo. Usingoje maombi ya kufunga kikao, utamtisha mzee wa watu.

Na dada, ukimpenda mwanaume ukataka kujua ametoka wapi, si umuulize! Wangu sasa nikimuuliza anaeleza yote, kutoka ng'ombe wa kwanza hadi wa mwisho, mpaka chai inapoa. Nami nakaa hapo nasikiliza kila kitu.