Mwiko wa Mgeni Aliyeshiba

Habari nilizipata sokoni Homa Bay, kwa muuza omena, dagaa wa ziwa letu: yule mama mchoraji wa kisiwa cha Rusinga amefariki. Wasomaji wangu mtakumbuka nilivyomsifu katika safu hii, jinsi alivyopamba kuta za jiko lake kwa majivu na udongo mwekundu. Nilimsifu sana. Sikuwaambia kwamba kwake sikuwahi kula hata tonge moja.

Mumewe alikuwa amekufa kwa ule ugonjwa tusioutaja kwa jina, naye mwenyewe alikuwa ameanza kukonda. Kila nilipokwenda kumtazama akichora alisonga ugali, na kila mara nilisema nimeshiba. Nilijua fika kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa sahani, lakini woga wangu haukujali nilichokijua. Mara ya mwisho hakunibembeleza. Alichana karatasi ya mfuko wa saruji, akauchora mwiko wake kwa makaa: upande mmoja umelika kwa miaka ya kusonga, mpini una ufa uliofungwa waya, na kwenye ncha akapaka majivu yakawa ugali uliogandia. Akanipa huku akicheka.

"Wewe kila siku umeshiba, sijui nani anakulisha huko njiani. Basi beba mwiko. Huu wa karatasi hauna ugonjwa."

Nimeutundika sebuleni. Wageni huusifu, nami huwaonyesha ule waya na ule upande uliolika, nikijifanya mjuzi wa sanaa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nilipewa, na hilo limenifaa. Na aibu hii si yangu peke yangu. Huku kwetu ziwani siku hizi ziko nyumba nyingi ambazo wageni hufika, wakasalimu, wakasifu, wakaaga kabla sufuria haijaepuliwa.

Jumamosi tulimzika. Binti yake ndiye aliyekuwa akipakua, na mkononi alishika mwiko wenyewe, na waya wake. Alinitazama.

"Ama umeshiba?" akauliza kwa upole. Nikajua mama yake alimsimulia.

Nilikula, nikaomba nyongeza, nikala tena. Ulikuwa ugali mtamu, na wa kunifurahia hakuwapo. Ndugu msomaji, kama una jirani anayeugua, sifa zako ziweke kando kwanza. Nenda ukaketi jikoni kwake, unawe mikono, ule angali anaweza kukuona ukitafuna.